Gagarin na neno ambalo hakulisema

Alhamisi iliyopita baada ya Isha nilikaa barazani na wazee wangu kama ada, kahawa chungu na kashata zikipita mkono kwa mkono, mara kijana mmoja akatoa simu akatusikilizisha ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Sauti ya mtu asiyejitaja jina ilieleza kwamba Mrusi wa kwanza kupanda angani, Yuri Gagarin, alipofika huko juu alitazama huku na huku kisha akasema hakumwona Mungu, na ndiyo sababu ndege yake ikaja kuanguka akafa angali kijana. Wazee wakaguna. Mmoja akaleta lahaula. Mwengine, mzee ninayemheshimu sana, aliyebeba magunia bandarini Kilindini zaidi ya miaka thalathini, akasema habari hiyo ameisikia tangu ujanani na kwamba mtu yule alistahili yaliyomfika.

Mimi nilikaa kimya, na ukimya wangu haukuwa wa adabu. Ulikuwa wa haya. Miaka kama ishirini iliyopita, nilipokuwa nikisaidia kufundisha madrasa moja wakati wa likizo, maneno hayo hayo niliwasimulia watoto wasiopungua arubaini. Niliyapamba pia. Nilisimama, nikaweka kiganja juu ya macho kama baharia anayetafuta nchi kavu, watoto wakacheka. Sikuwa nimeyasoma popote. Niliyasikia kwa mtu aliyeyasikia kwa mtu. Baadaye sana nilipokwenda kuyatafuta ndipo nikajua kwamba Gagarin hakuyasema. Wale watoto leo ni watu wazima wenye watoto wao, na sina hakika kama aliyerekodi ujumbe ule si mmoja wao. Kwa hivyo makala haya ni deni. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na maiti ni mnyonge kuliko wote kwa kuwa hawezi kujibu.

Yuri Alekseyevich Gagarin alizaliwa tarehe 9 Machi 1934 katika kijiji cha Klushino, mkoa wa Smolensk, magharibi ya Moscow. Baba yake, Aleksei, alikuwa seremala. Mama yake, Anna, alikuwa akikama ng'ombe katika shamba la ushirika. Walikuwa watoto wane, Valentin, Zoya, Yuri na Boris, na kwa vyovyote ungewatazama hawakuwa na tofauti na watoto wa kijiji chochote ambacho watu wake wanaishi kwa jembe na randa.

Alikuwa na miaka saba Wajerumani walipoivamia nchi yao mwaka 1941 na kuingia Klushino. Askari waliichukua nyumba ya seremala. Familia ikachimba shimo uani, ikalifunika kwa miti na udongo, ikaishi humo mwaka mmoja na miezi tisa, baridi ya Urusi ikiwa baridi ya Urusi. Siku moja askari mmoja wa Kijerumani alimkamata Boris, mtoto mdogo kabisa, akamning'iniza kwenye mti wa matofaa kwa skafu ya shingoni mwake mwenyewe, kisha akasimama kando kama anayetazama mchezo. Anna alimwahi mwanawe akamwokoa. Mwaka 1943 Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma waliwachukua Valentin na Zoya kwenda kuwafanyisha kazi za kulazimishwa, na nyumbani watu wakawahesabu kuwa wafu mpaka vita vilipokwisha na habari zao zikafika.

Nimekaa hapo kwa sababu watu wengi wanaomzungumzia Gagarin huanza na roketi. Lakini mtoto aliyeona mdogo wake akining'inia mtini ndiye huyo huyo ambaye baadaye dunia nzima ilishangaa jinsi anavyotabasamu. Katika vita hivyo hivyo aliona pia jambo jengine: ndege ya kivita ya Kisovieti ilianguka karibu na kijiji, na ndege nyengine ikatua kumchukua rubani wa mwanzo. Watoto walikimbilia kule. Yuri hakusahau.

Vita vilipokwisha baba aliibomoa nyumba yao, akazisafirisha mbao, akaijenga upya katika mji mdogo wa Gzhatsk. Huko Yuri alisoma, na mwalimu wake wa hesabu na fizikia alikuwa mtu aliyetumikia jeshi la anga. Lakini nyumbani hapakuwa na kitu. Alipofika miaka kumi na sita aliacha masomo ya kawaida akaenda Lyubertsy, nje ya Moscow, kujifunza kazi ya kuyeyusha na kumimina chuma. Kutoka hapo akapata nafasi katika chuo cha ufundi cha Saratov, mji ulioko kando ya mto Volga, akasomea kazi hiyo hiyo ya kalibu na chuma, akamaliza mwaka 1955.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi, lakini nilifurahi. Mimi ni mtu wa diploma, na sisi watu wa diploma tunajua namna wenye digrii wanavyotutazama kwenye mikutano. Mwanadamu wa kwanza kuondoka katika dunia hii alikuwa fundi wa chuo cha ufundi. Na si hilo tu. Ili apate pesa za matumizi akiwa Saratov, alikuwa akienda kufanya kazi ya upakuzi kwenye gati za mto Volga. Kwa lugha ya Kilindini, alikuwa kuli.

Saratov palikuwa na klabu ya urubani, ya wanafunzi na wafanyakazi, wakati wa jioni na mwisho wa wiki. Alijiunga. Mwaka 1955 akarusha ndege ndogo aina ya Yak-18 peke yake, na basi ikawa imekwisha, chuma kikabaki nyuma. Akaingia shule ya marubani wa kijeshi ya Orenburg. Huko karibu wamfukuze. Kuruka alijua, kutua kukamshinda, kila mara akiishusha ndege vibaya. Gagarin alikuwa mfupi, mita moja na sentimita hamsini na saba, na akiketi kwenye kiti cha rubani hakuiona njia ya kutulia sawasawa. Mkuu mmoja akaona ampe nafasi ya mwisho, na akamwekea mto wa kukalia. Alitua vizuri. Nafikiria ni wanafunzi wangapi wetu wanaorudishwa nyumbani kila mwaka kwa kukosa mto tu, lakini hilo ni la safu nyengine.

Alimaliza Orenburg mwaka 1957, mwaka ule ule nchi yake iliporusha Sputnik, setilaiti ya kwanza ya kutengenezwa na mwanadamu, na mwaka ule ule alipomwoa Valentina Goryacheva, binti wa mji huo aliyesomea uuguzi. Jeshi likampeleka Luostari, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Norway, mahali ambapo wakati wa baridi jua halichomozi kwa wiki nyingi. Mtoto wao wa kwanza, Yelena, alizaliwa mwaka 1959.

Mwaka huo maafisa na madaktari walianza kupita kwenye kambi za jeshi la anga wakiwauliza marubani vijana maswali yasiyoeleweka. Walipekua majalada ya marubani zaidi ya elfu tatu. Walitaka watu wa miaka ishirini na mitano hadi thalathini, wasiozidi kimo cha mita 1.75 na uzito wa kilo 72, kwa sababu chombo chenyewe kilikuwa tufe dogo la chuma. Ule ufupi uliotaka kumfukuzisha Orenburg sasa ukawa sifa. Mwanzoni mwa 1960 walichaguliwa watu ishirini. Waliwekwa kwenye mashine za kumzungusha mtu mpaka uso unavutika, wakafungiwa peke yao siku nyingi kwenye vyumba visivyoingia sauti, wakatiwa kwenye joto kali. Mmoja wao, Valentin Bondarenko, kijana wa miaka ishirini na minne, alikufa tarehe 23 Machi 1961 moto ulipozuka ndani ya chumba cha mazoezi kilichojazwa oksijeni. Wasovieti walilificha jambo hilo hadi miaka ya 1980. Zimebaki wiki tatu kabla ya safari, na wenzake waliendelea.

Aliyekuwa nyuma ya yote alikuwa Sergei Korolev, mhandisi mkuu, mtu ambaye chini ya Stalin alikamatwa mwaka 1938 akapelekwa kambi za kifo za Kolyma, akatoka huko mgonjwa, kisha akaijengea nchi iliyomtesa roketi zake. Jina lake lilikuwa siri ya dola. Husimuliwa kwamba siku Korolev alipowaonyesha vijana wake chombo cha Vostok kwa mara ya kwanza na kuuliza nani anataka kuketi ndani, Gagarin alivua viatu kwanza ndipo akapanda. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya kuvua viatu mlangoni. Korolev alilipenda jambo lile. Na wanaanga wenyewe walipoulizwa kwa kura ya siri nani anafaa kutangulia ikiwa si wao, wengi mno waliandika jina la Gagarin.

Siku mbili kabla ya safari, tarehe 10 Aprili 1961, alimwandikia mkewe barua. Nitaifikia.

Jumatano tarehe 12 Aprili 1961, katika siku za mwisho za Mfungo Mosi, Gagarin alifungiwa ndani ya Vostok kwenye jangwa la Baikonur, Kazakhstan. Mlango ulipofungwa taa ya kuthibitisha haikuwaka, mafundi wakalazimika kufungua parafujo zote zaidi ya thalathini na kuzikaza upya, naye ndani akingoja. Uongozi wa chombo ulikuwa umefungwa kwa namba ya siri, kwa kuwa madaktari waliogopa huenda mtu akiwa huko juu akarukwa na akili. Namba ilitiwa kwenye bahasha ndani ya chombo. Lakini watu zaidi ya mmoja walishamnong'oneza, kwani waliona aibu mtu afe kwa sababu ya bahasha.

Roketi iliondoka saa tatu na dakika saba asubuhi kwa saa za Moscow. Saa za Moscow na saa zetu zililingana, kwa hivyo hata Mombasa ilikuwa saa tatu na dakika saba. Mwambao wetu ungali chini ya bendera ya Sultani wa Unguja na utawala wa Mwingereza, Mzee Kenyatta yuko kizuizini Maralal, na kule Kilindini makuli walikwishaanza shifti zao. Mzee wangu wa barazani wakati huo alikuwa mtoto, na kwa hesabu zake mwenyewe alikuwa kuoni.

Gagarin aliipita Siberia, akaingia usiku juu ya Pasifiki, akazunguka ncha ya kusini ya Amerika, akakuta jua linachomoza juu ya Atlantiki. Mahali pa juu kabisa palikuwa kilomita 327 kutoka ardhini, mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Alikula kidogo, akanywa maji. Alijaribu kuandika, na penseli ikamwelea ikapotelea chini ya kiti, basi akaendelea kwa kinasa sauti.

Na sasa lile neno. Mazungumzo ya Gagarin na watu wa ardhini yalinaswa yote na yakaja kuchapishwa. Yamejaa namba, hali ya presha na unyevu, kupokea na kutopokea sauti vizuri, na mara kwa mara mshangao wa kijana anayeona mawingu na vivuli vyake juu ya ardhi, na ule ukingo wa buluu unaoizunguka dunia kabla ya kuingia weusi. Habari ya kutomwona Mungu haimo, si kwa maneno hayo wala yanayofanana nayo. Rafiki yake, afisa aliyefundisha katika chuo cha jeshi la anga, alieleza mwaka 2006 kwamba maneno yale yalitoka kwa Nikita Khrushchev, kiongozi wa nchi, aliyekuwa akiwahimiza watu wa chama chake wapige vita dini na akamtumia Gagarin kama mfano. Gagarin mwenyewe alibatizwa utotoni na mama yake alikuwa mshika dini. Aliyesema jambo linalofanana na hilo ni mwenzake, Gherman Titov, mtu wa pili wa Kisovieti kuizunguka dunia, alipotembelea Marekani mwaka 1962. Kwa hivyo mmoja alisema, mmoja akasemewa, na sisi tukambebesha yule ambaye jina lake tunalijua.

Simtetei Gagarin kuwa alikuwa mcha Mungu. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti na alisema mengi ya chama. Ninachosema ni kwamba hili hakulisema. Na kabla hatujacheka Warusi kwa kuzua, tukumbuke na sisi tulivyozua. Ni wangapi kati yetu waliokuwa wakisimulia kwamba Neil Armstrong alisikia adhana mwezini akarudi akasilimu? Armstrong alikanusha tangu miaka ya 1980, kwa upole, akieleza kwamba hana nia ya kumvunjia heshima yeyote. Tumeendelea nayo. Mmoja tulimzulia ili tumsifu, mwengine ili tumlaani.

Hatari kubwa ya safari ilimkuta juu ya bara letu. Saa nne na dakika ishirini na tano, chombo kikikaribia pwani ya Angola, injini ya kupunguza mwendo iliwaka kwa chini ya dakika moja kama ilivyopangwa. Hapo lile tufe alilokaa lilitakiwa kuachana na sehemu ya mitambo nyuma yake. Halikuachana. Fungu la nyaya lilibaki limeshikilia, na vyombo viwili vikaanza kuzungukana kwa kasi, dirishani jua likipita, kisha dunia, kisha giza, kisha jua tena. Hali ilikuwa hiyo kwa muda wa dakika kumi hivi, alipokuwa akilivuka bara kutoka upande wa Angola kuelekea Misri. Aliripoti kwamba mambo ni sawa. Alipiga hesabu kwamba hata akianguka nje ya mahali palipopangwa atatua katika nchi yake, akaona hakuna haja ya kuwatia watu kiwewe. Joto la kuingia kwenye hewa ndilo lililozikata nyaya zile.

Kilomita saba kutoka ardhini alirushwa nje ya tufe pamoja na kiti chake, akashuka kwa parachuti. Chini yake aliuona mto anaoujua. Ilikuwa Volga, upande wa Saratov, pale pale alipojifunzia kuruka na kubeba mizigo. Alitua shambani karibu na kijiji cha Smelovka kiasi cha saa tano kasorobo na kitu, dakika 108 tangu aondoke kwa hesabu iliyozoeleka. Waliokuwapo ni bibi mmoja, Anna Takhtarova, aliyekuwa na mjukuu wake shambani. Wakaona mtu wa nguo za rangi ya chungwa na kofia nyeupe kubwa, wakaanza kurudi nyuma. Akawapigia kelele kuwa yeye ni mwenzao, Msovieti, na anataka kujua wapi atapata simu ya kupiga Moscow.

Hilo la parachuti Wasovieti walilificha pia, kwani sheria za kimataifa za rekodi za urubani zilitaka rubani atue na chombo chake. Walisema alitua ndani ya tufe, na Gagarin akawa anasema hivyo mbele ya waandishi habari. Ukweli ulikubaliwa mwaka 1971. Kwa hivyo mtu huyu aliyezuliwa uongo na wengine, na yeye alibebeshwa uongo wa dola akaubeba. Ningependa nisiliandike, lakini nikiliacha nitakuwa nimefanya yale yale ya madrasa.

Alikuwa amepanda akiwa luteni mwandamizi na akashuka meja; cheo kilitangazwa redioni akiwa bado juu. Husimuliwa kwamba baba yake, aliyekuwa safarini kwenda kwenye kazi ya useremala, aliposikia habari za Meja Gagarin alisema huyo si wake, mwanawe hajafika umeja. Wazazi hawakuambiwa kitu. Waliambiwa tu kwamba mtoto anasafiri kikazi, tena mbali.

Siku mbili baadaye alishuka uwanja wa ndege Moscow, akatembea peke yake juu ya busati jekundu kuelekea kwa Khrushchev, dunia nzima ikitazama. Na kitu cha kiatuni kimefunguka kinaburura. Ukiitazama ile picha ya sinema utakiona kinapiga huku na huku. Hakuinama. Baada ya hapo alizungushwa nchi karibu thalathini: Uingereza, Cuba, India, Misri alikokutana na Gamal Abdel Nasser. Safari niipendayo ni ya Manchester, Julai 1961. Waliomwalika ni chama cha wafanyakazi wa viwanda vya kuyeyusha chuma, wenzake wa kazi. Mvua ilikuwa ikinyesha na gari lilikuwa la wazi. Akakataa kufunikwa, kwa kuwa watu walikuwa wamesimama kwenye mvua kumngoja.

Umaarufu ulimlemea. Barua zilimjia kwa magunia, nyingi za watu wanaotaka nyumba, matibabu, mtoto wao atolewe jela, na yeye alijaribu kuzifuatilia. Kila meza aliyokaa palikuwa na gilasi iliyojazwa. Oktoba 1961, akiwa mapumzikoni Crimea, aliruka kutoka roshani akaumia vibaya juu ya jicho la kushoto, kovu ambalo halikutoka. Sababu yake ni ya mtu na mkewe, na ingawa imeandikwa vitabuni, mimi nitaisitiri.

Alichotaka ni kuruka tena, na ndicho walichomnyima. Alipandishwa hadi kanali, akafanywa naibu mkuu wa kituo cha mafunzo ya wanaanga. Korolev alikufa Januari 1966 akifanyiwa upasuaji, na ndipo wananchi wakalisikia jina lake. Mwaka uliofuata Gagarin aliwekwa kuwa wa akiba wa rafiki yake Vladimir Komarov katika chombo kipya, Soyuz 1, ambacho mafundi walijua kina kasoro. Komarov alikufa tarehe 24 Aprili 1967 parachuti yake ilipokataa kufunguka. Siku mbili tu baada ya msiba huo, kwa taarifa ya watu wa Ngomeni, Waitaliano walirusha kutoka San Marco, hapa kwetu kaskazini ya Malindi, setilaiti yao ya kwanza iliyoondokea Kenya. Kwa Gagarin, kifo cha Komarov kilifunga mlango kabisa. Dola haikuwa tayari kumpoteza mtu ambaye sanamu yake iko kila mji. Alirudi kusoma, akamaliza chuo cha uhandisi wa anga cha Zhukovsky Februari 1968, akapata ile digrii, na akaanza upya kudai angalau aruhusiwe kurusha ndege za kawaida.

Walimruhusu. Asubuhi ya tarehe 27 Machi 1968, siku kumi na nane baada ya kutimiza miaka thalathini na minne, aliondoka uwanja wa Chkalovsky kwenye ndege ya mazoezi ya MiG-15 pamoja na mwalimu wake, Vladimir Seryogin, rubani shujaa wa vita vya pili vya dunia. Mawingu yalikuwa mazito. Baada ya dakika chache Gagarin aliarifu kuwa zoezi limekwisha na wanarudi, kisha kimya. Ndege ilikutwa imejichimbia msituni karibu na kijiji cha Novoselovo, mkoa wa Vladimir. Uchunguzi uliwekwa siri miaka mingi. Nyaraka zilizofunguliwa 2011 zinataja ndege kukata kona ghafula, pengine kukwepa puto la hali ya hewa au wingu. Mwanaanga Alexei Leonov, aliyekuwa karibu na eneo hilo siku ile, alishikilia mpaka mwisho kwamba ndege nyengine kubwa zaidi ilipita karibu mno ikaitikisa.

Wanaosema aliadhibiwa wanieleze Seryogin alikosa nini. Na Komarov, na Bondarenko aliyeungua bila hata kuondoka ardhini.

Majivu yake yalitiwa kwenye ukuta wa Kremlin. Mji wa Gzhatsk ukaitwa Gagarin. Wamarekani walipotua mwezini mwaka 1969 waliacha huko nishani yake na ya Komarov.

Na barua. Ile ya tarehe 10 Aprili haikumfikia Valentina mwaka 1961, kwa kuwa mwandishi alirudi salama. Ilimfikia 1968. Ndani yake Gagarin alimwambia kwamba anakiamini chombo, lakini mtu huweza kuanguka hata kwenye ardhi tambarare. Alimtaka asijiue kwa huzuni, awalee mabinti wawili wasiwe watoto wa kudekezwa, Galina wakati huo akiwa na umri wa mwezi mmoja, na asiwasahau wakwe zake. Kuhusu maisha yake mwenyewe, alimwachia afanye kadiri moyo utakavyomwongoza. Yeye hamfungi kwa deni lolote.

Jana usiku niliyasema haya yote barazani, pamoja na habari ya madrasa, mbele ya yule kijana mwenye simu. Mzee wa Kilindini alinisikiliza hadi mwisho. Hakuniuliza habari ya roketi wala ya Khrushchev. Aliuliza kwanza kama ni kweli yule bwana alipakua meli, na ilikuwa mizigo gani. Nikamwambia mizigo sijui, ila ilikuwa mtoni. Kisha akauliza kama yule mjane, baada ya kupewa ruhusa namna ile, aliolewa tena. Nikamwambia hakuolewa. Alibaki katika mji ule ule wa wanaanga nje ya Moscow, hapendi kuhojiwa, mpaka alipofariki Machi 2020.

Mzee akahesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena. Miaka hamsini na miwili, akasema, akamgeukia kijana akamwambia ule ujumbe aufute.